Siku 16 zipelekwe kwenye mizani ya korosho

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaume wenzangu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, hasa wale ambao hawajawahi kumwinulia mkono mke wala dada, na ambao kwa sababu hiyo hudhani kwamba habari ya ukatili dhidi ya wanawake haiwahusu. Kwa maoni yangu hao ndio inaowahusu zaidi. Mpigaji hamsikilizi ofisa wa serikali kama anavyomsikiliza mwanamume anayekaa naye kijiweni, anayeswali naye safu moja na anayesubiri naye zamu ghalani, na mwanamume huyo mpaka sasa amenyamaza.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi tarehe 10 Desemba, huadhimishwa Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia. Siku ya kwanza iliwekwa kwa kumbukumbu ya ndugu watatu wa kike wa familia ya Mirabal, waliouawa mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika kwa kuupinga utawala wa dikteta Trujillo, na siku ya mwisho ni Siku ya Haki za Binadamu. Huku kwetu siku hizo zote huangukia ndani ya msimu wa korosho. Minada inafanyika, magunia yanashushwa kwenye maghala ya vyama vya msingi, na malipo yanaingia benki. Ndiyo maana ukihudhuria mkutano wa Siku 16 kwenye ofisi ya kata utakuta viti vimejaa akina mama na wanafunzi, huku wanaume wakiwa ni mtendaji, mwenyekiti wa kijiji, na labda shehe au katekista aliyealikwa kufungua kwa dua. Wanaume waliobaki hawajaenda mbali. Wapo kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, wakisubiri mzigo wao upande kwenye mizani. Mama anaelezwa haki zake, ambazo mara nyingi anazijua kuliko anayemweleza, na aliyepaswa kuambiwa hakuwapo.

Sisemi mikutano hiyo haina faida. Ninachosema ni kwamba imewekwa mahali wanaume hawapo, katika majuma ambayo wanaume wa huku wanakusanyika kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na kukusanyika huko kuna uhusiano wa moja kwa moja na vipigo tunavyovizungumzia.

Anayelima korosho anajua kazi inavyokwenda. Mume na mke wanafyeka na kupalilia pamoja, mume anapuliza salfa, kisha korosho zinapoanza kuanguka mke na watoto wanaingia shambani alfajiri, wanaokota, wananyofoa mabibo, wanaanika kwenye turubai na kuzigeuza mpaka zikauke, halafu wanachambua mbovu ili mzigo uingie daraja la kwanza. Ni kazi ya watu wawili na zaidi. Lakini gunia likifika ghalani linaandikwa kwa jina moja, akaunti ya benki ni ya jina hilohilo, na ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu moja. Wapo wanawake wengi katika vijiji vyetu ambao hupata habari kwamba fedha za mnada zimelipwa kutoka kwa jirani aliyekutana nao kisimani. Akirudi nyumbani akauliza, kule kuuliza kwenyewe kunahesabiwa kuwa ni kukosa adabu, na kofi la kwanza la msimu hutokea hapo. Mwingine hapigwi, ila fedha zinakwenda Masasi au Dar es Salaam, au zinaolea mke mwingine ambaye mke wa kwanza hakuambiwa habari zake, na mwezi Januari watoto wanaanza shule hawana sare wala madaftari. Hilo nalo ni ukatili, hata kama halimpeleki mtu hospitali.

Sheria haikutuacha gizani katika jambo hili. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga, hata kama ipo mila inayoruhusu. Sheria hiyo ina umri wa zaidi ya nusu karne, na bado kuna watu wazima wanaosema kwamba kumpiga mke ni haki yao ya kimila. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ikiwa kupika na kulea kunahesabika mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi, basi mwanamke aliyeinama chini ya mkorosho kuanzia Septemba hadi Desemba hahitaji kuomba ruhusa ya kuuliza bei.

Najua nitaambiwa kwamba tatizo ni pombe. Ni kweli kwamba mabibo yakiwa mengi uraka, pombe ya mabibo hayo, nao unakuwa mwingi, na ni kweli kwamba nyumba nyingi hazilali vizuri wakati huo. Hata hivyo, mlevi huyohuyo anapita mbele ya nyumba ya mtendaji wa kijiji na hampigi mtendaji. Anagombana na muuza pombe na hamvunji mkono. Anafika nyumbani ndipo mkono wake unapata nguvu. Anajua nani anapigika na nani hapigiki, na kujua huko hakutoki kwenye kibuyu. Alifundishwa, au alinyamaziwa mpaka akaelewa.

Kunyamaziwa huko nimekuona kwa macho, kwani kwa umri wangu na kazi yangu ya ualimu nimekuwa nikiitwa kwenye vikao vya ukoo vya kusuluhisha ndoa. Katika kimoja, mama wa watu aliketi mkekani, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe, amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso ili watoto waliokuwa wakichungulia wasimwone. Mume alikaa kwenye kiti. Mzee aliyeongoza kikao hakuanza na mume. Alimgeukia mwanamke akamuuliza, “Mama, ulimfanya nini mwenzio hata akafika hapo?” Akajibu kwamba alimuuliza mnada umekwenda shilingi ngapi. Vichwa vikatikiswa kana kwamba amekiri kosa. Kijana mmoja, mume wa mdogo wake, akainuka akasema, “Wazee shikamooni. Mimi naomba kuuliza, kwani kuuliza bei ni kosa?” Akaambiwa akae, kikao hicho si cha watoto. Mume akatozwa jogoo, mke akausiwa kuvumilia, tukafunga kwa dua. Tulipokuwa tunatawanyika, wazee wawili walimvuta yule kijana pembeni, chini ya mwembe, wakamwambia kwamba alichosema ni kweli tupu. Walikuwa wamekaa ndani ya kikao muda wote na hawakufungua mdomo.

Wazee wale wawili ndio ninaowaandikia. Nao si wachache kama wanavyojidhania. Utafiti wa taifa wa masuala ya idadi ya watu na afya wa mwaka 2015-16, uliosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata kipigo au ukatili mwingine wa kimwili tangu wafikishe umri wa miaka 15, na asilimia 17 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono wakati fulani katika maisha yao. Takwimu hizo zilitangazwa sana. Iliyopita bila kuzungumzwa ni nyingine iliyomo humohumo. Watafiti waliuliza wanawake na wanaume kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu tano: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, asipowaangalia watoto, au akikataa kulala naye. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Kwa wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40.

Naomba msomaji asiipite takwimu hiyo haraka. Wanaume sita katika kila kumi hawakukubali hata sababu moja kati ya hizo tano. Maana yake ni kwamba katika kijiwe cha watu kumi anayejigamba kwamba jana “alimtia adabu” mkewe anazungumza mbele ya watu ambao wengi wao moyoni hawamuungi mkono, lakini kwa kuwa hakuna anayemjibu, yeye na vijana wanaosikiliza wanaondoka na imani kwamba kijiwe kizima kiko upande wake. Mkewe naye anaamini hivyohivyo, na hivyo ndivyo nionavyo sababu ya wanawake wengi kuliko wanaume kukubali kwamba wanastahili kupigwa. Hawajawahi kumsikia mwanamume akisema vinginevyo. Na hali inabadilika inaposukumwa, kwani utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikuta wanawake waliopata ukatili wa kimwili wamepungua hadi asilimia 27. Bado ni zaidi ya mmoja katika kila wanne.

Wapo pia watakaoniambia kwamba kusini mwanamke ana nguvu, kwa kuwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua tunahesabu ukoo upande wa mama. Hoja hii naipenda, ila naomba tuitazame kwa ukamilifu wake. Mtoto ni wa ukoo wa mama, lakini msemaji wa ukoo huo ni mjomba, naye ni mwanamume. Zamani mume alihamia kwa wakwe, akajenga na kulima machoni pa ndugu wa mke, na akivuka mpaka mjomba alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Leo binti anaolewa Tandahimba akitokea Ruangwa, anakaa kwa mume, na mjomba anaonekana siku ya mahari na siku ya msiba. Tumebaki na heshima ya ujomba tukaiacha kazi yake. Mjomba anayetaka mila iheshimiwe na aanze kwa kumpigia simu mpwa wake wa kike wakati wa msimu, amuulize hali yake, na mkwe ajue kwamba simu hiyo huwa inapigwa.

Sasa niseme la jando, ambalo naona ndilo zito kuliko yote. Kila mwaka viongozi wetu huusema unyago, kwamba unawatoa watoto wa kike shuleni na kuwafundisha mambo ya wakubwa kabla ya wakati. Lawama hiyo ina ukweli mwingi. Lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza mvulana anafundishwa nini kuhusu mwanamke katika majuma anayokaa kumbini. Ya jandoni hayasemwi hadharani, nami sitayasema hapa. Wenye jando wenyewe wanajua kwamba kule kuna nyimbo na mafumbo yanayomfundisha kijana kumheshimu mama yake, kufanya kazi na kutunza siri, na kuna mengine yanayomfundisha kwamba mwanamke ni wa kuamrishwa. Mtoto wa miaka 9 anayachukua yote kwa uzito uleule, kwa kuwa ameyapata siku aliyoambiwa kuwa amekuwa mwanamume, kutoka kwa watu anaowaogopa na kuwaheshimu kuliko mwalimu wake wa darasani. Nimefundisha darasa la tano na la sita kwa muda mrefu wa maisha yangu, na ninawajua wavulana waliorudi kutoka likizo ya Juni wakiwa hawataki tena kufagia darasa pamoja na wasichana.

Asiniambie mtu kwamba jando halibadilishiki. Askofu Vincent Lucas wa Kanisa Anglikana, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando la waumini wake. Alilichukua, akaondoa aliyoona hayafai, akaingiza mafundisho ya kanisa, na wavulana wakaendelea kwenda kumbini. Waislamu nao wana jando lenye dua na mafunzo ya dini ndani yake. Na sisi wenyewe, tulipoona watoto wanakosa masomo, tulilisogeza mpaka kipindi cha likizo. Kama kalenda ilibadilika na dua zikabadilika, basi ngariba na manyakanga, wakufunzi wa jando, wanaweza kukaa na wazee mwezi Mei, kabla ya likizo, wakaamua kwamba kila mvulana atakayetoka kumbini mwaka huu atakuwa amesikia kwa lugha ya jandoni, kwa wimbo wa jandoni, kwamba mwanamume hampigi mwanamke. Neno hilo likitoka kwa nyakanga litamkaa kijana kuliko bango lolote litakalobandikwa kwenye ukuta wa zahanati.

Msikitini pia pana nafasi, kwani Ijumaa ndiyo siku ambayo wanaume wa pwani yote, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, wanaketi kimya wakamsikiliza mtu mmoja. Tunafundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake, na kwamba mbora wetu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Hutuba za namna hiyo zipo, ila ni chache, na nyingi husomwa kwenye harusi wakati bwana harusi hana nafasi ya kusikiliza.

Je, wanaume wakisema, inasaidia? Kampala, nchini Uganda, mpango unaoitwa SASA! ulioanzishwa na shirika la Raising Voices uliwachukua watu wa kawaida wa mitaani, wanaume kwa wanawake, pamoja na viongozi wa mitaa, polisi na wahudumu wa afya, wakazungumza na majirani zao mwaka baada ya mwaka kuhusu matumizi ya nguvu ndani ya nyumba. Watafiti walipolinganisha maeneo yaliyofikiwa na yale ambayo hayakufikiwa, walikuta ukatili wa kimwili wa mwenzi uko chini kwa asilimia 52 katika yale yaliyofikiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Kanada nako, baada ya mtu mwenye bunduki kuwaua wanawake 14 katika chuo cha uhandisi mjini Montréal tarehe 6 Desemba 1989, ni wanaume walioanzisha mwaka 1991 kampeni ya Utepe Mweupe, jina ambalo hapa kwetu tumelizoea kwenye uzazi salama, wakaahidi kutofanya ukatili dhidi ya wanawake, kutouunga mkono na kutounyamazia. Ahadi hiyo ya tatu ndiyo iliyotushinda.

Kutonyamaza hakuhitaji hotuba. Usiku ukisikia kelele nyumba ya jirani, vaa shati, nenda, piga hodi, omba kiberiti au maji ya kunywa, na usiondoke mpaka mlango ufunguliwe. Mara nyingi hodi peke yake inatosha kwa usiku ule. Kuna methali isemayo kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Imesemwa juu ya ndugu, nasi tumeihamishia kwa mke na mume, wakati katika ugomvi huo mmoja ana fimbo na mwingine hana. Mtu akiwa ameumia, apelekwe kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe, na wanaume wa ukoo wasiende nyuma yake kumshawishi aifute kesi. Jeraha si la kumalizwa kwa jogoo. Binti aliyebakwa ndiyo kabisa: tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, adhabu ya kubaka kwa kawaida haipungui kifungo cha miaka 30, na mzee anayepokea fedha ili jambo hilo limalizwe kifamilia anamlinda mhalifu.

Ombi langu kwa halmashauri zetu na kwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za vijiji, zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili wa mwaka 2017/18, ni kwamba Siku 16 zijazo zipelekwe ghalani. Ofisa ustawi wa jamii na askari wa dawati waje siku ya kupima mzigo, wakati wanaume wamekaa juu ya magunia hawana pa kwenda, na mzungumzaji mkuu asiwe mgeni kutoka mkoani bali mkulima wa kijiji kile anayejulikana kwa kuishi vizuri na mkewe. Vyama vya msingi navyo, katika mikutano yao mikuu kabla ya msimu, viweke kwenye ajenda suala la kuwaandikisha wake kuwa wanachama kwa majina yao wenyewe, na mwanachama anayetaka malipo yake yaingie kwenye akaunti ya pamoja ya mume na mke asaidiwe kuifungua benki. Taarifa ya bei ya mnada ibandikwe pia kisimani, zahanati na shuleni, kwa mkono wa katibu wa chama, siku ileile inapobandikwa kwenye mlango wa ghala.

Mwalimu mstaafu na mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara